Mshika Mbao

Mke wangu alimwita Tokuji aje kuifunga nyumba yangu, na aliniambia baada ya kumwita, si kabla.

"Anakuja kesho asubuhi," alisema, akiendelea kukata figili jikoni bila kugeuka. "Redio imesema dhoruba inafika keshokutwa. Hatuwezi kulingoja bega lako."

"Tokuji yupi?"

"Baba Noriko, kuna Tokuji wangapi bondeni humu?"

Yupo mmoja, na huyo mmoja ananitosha. Tulisoma darasa moja sisi watatu, mimi, Fusae na yeye. Tokuji alikuwa mrefu na sauti yake ya kuimba ilikuwa inawatoa watu nje ya nyumba zao. Mwaka tuliomaliza shule alimpelekea Fusae kikapu cha uyoga wa mlimani mpaka mlangoni kwao. Mimi sikupeleka kitu, sikujua kama vitu hupelekwa. Fusae aliolewa na mimi, hilo halina ubishi, lakini uyoga ule ulikwisha kuliwa na nyumba nzima, na mama mkwe wangu aliusifia mpaka siku anaingia kaburini. Tokuji naye alioa, akapata mwanamke mwema wa bonde la pili, Mitsuyo, akamzika miaka mitatu iliyopita. Tangu mazishi yale, watu wakiniuliza Tokuji anaendeleaje, nawajibu anaendelea vizuri, huku moyoni nahesabu hatua kutoka kwake mpaka kwetu. Ni hatua mia mbili na kumi.

Kwetu nyumba isiyofungwa kabla ya theluji haifiki majira ya kuchipua. Theluji humwagika kutoka paani, hujazana ukutani mpaka ikagusa paa tena, na dirisha lisilokuwa na mbao mbele yake hupasuka kwa uzito tu. Kwa hiyo kila mwisho wa Novemba tunatoa mbao bandani, tunazipanga juu ya nguzo kuizunguka nyumba, tunazifunga kwa kamba, tunaacha upenyo wa kiganja kimoja juu ili mwanga uingie. Mbao zetu ni thelathini na nne. Kwa miaka arobaini na moja mimi nimefunga na Fusae ameshika. Mwaka huu, mwezi wa kumi, nilipanda kuzibua mfereji wa paa, ngazi ikateleza, nikaangukia bega na kuvunja mtulinga. Mkono wa kulia ukaning'inizwa shingoni kama wa mtoto wa shule. Daktari alimwambia Fusae, si mimi, kwamba nisionekane juu ya ngazi tena mpaka theluji iyeyuke.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na dirisha, miguu chini ya blanketi la meza yenye moto chini yake, nikaona Tokuji anaingia uani kwangu na kamba begani. Kamba yake mwenyewe, kana kwamba kwangu hakuna kamba. Na kofia mpya.

"Umeamkaje, Fusa?" alisema.

Fusa. Mwanamke ana miaka sitini na saba. Mimi humwita Mama Noriko, majirani humwita mama wa nyumba ya kona, binti yetu humwita mama. Jina la Fusa lilikuwa la shuleni, na nilidhani limebaki huko huko. Lakini lilitoka kinywani mwake laini, bila kukwama, na mke wangu akaitika.

"Isamu," aliniita Tokuji kupitia dirishani, "bado umelala?"

"Nimeumia. Sijalala."

"Basi kaa kwenye joto, mzee wetu. Tutamaliza mapema."

Namzidi miezi miwili. Miezi miwili tu, halafu mimi ndiye mzee wetu.

Walianza upande wa mashariki, nje ya dirisha la pili la chumba hicho. Fusae aliinua ubao, akauegemeza kwenye nguzo kwa kifua na viganja, na Tokuji akasimama pembeni yake, bega kwa bega, akizungusha kamba. Sikuweza kusikia wanasema nini kwa sababu ya kioo. Niliona tu midomo ikicheza. Mara Fusae alicheka, kicheko kile cha kufunika mdomo kwa mkono ambacho nilikuwa sijakiona tangu harusi ya Noriko. Ubao ukateleza, wakaudaka pamoja, wakacheka tena. Nilikunywa chai yangu ikaniunguza ulimi.

Saa nne kamili alimtolea chai na figili za chumvi, zile za pipa la kwanza ambazo nikiziomba mimi huambiwa hazijaiva. Akampangusa vumbi la mbao kwenye mkono wa koti. Mimi nilikuwa na vumbi la wiki nzima na hakuna aliyenipangusa. Niliona wivu, na sitautafutia neno jingine.

Kipaza sauti cha kijiji kilikohoa juu ya mlingoti wake, kama kawaida yake kabla ya kusema. Dhoruba imeongeza mwendo, ilisema sauti ya msichana wa ofisini. Itafika leo, si kesho. Itaanza mchana, na mpaka asubuhi theluji itakuwa imefika kiunoni. Kila nyumba ikamilishe maandalizi, na wazee wasitoke baada ya saa kumi.

Ndipo Fusae alipofungua mlango na kuingiza kichwa. Mashavu yalikuwa mekundu kwa baridi, au ndivyo nilivyoamua kuamini.

"Kumebaki kaskazini tu," alisema. "Ubao wa kwanza ni upi? Maandishi ya babu yako yamefutika."

Hapa ni lazima mjue kitu kimoja. Nyumba yetu imepinda. Imepinda tangu kabla sijazaliwa, nguzo mbili hazilingani, na babu yangu alikata kila ubao kwa kipimo cha mahali pake. Nyuma ya kila ubao aliandika kwa wino upande na namba. Wino umefifia, ila mimi nazijua kwa macho. Upande wa kaskazini una mbao kumi na moja, na ndio upande ambao dhoruba hupiga. Ndipo lilipo dirisha nililokuwa nimekaa kando yake.

"Ule wenye jicho jeusi katikati," nilisema. "Halafu mfupi uliochanika pembeni. Halafu ule mpana."

Nilisema uongo. Hata mmoja haukuwa mahali pake. Sikuwa nimepanga, ilitoka tu, na ilipotoka nilihisi raha ambayo sikuwa nimeihisi tangu nianguke.

Raha iliongezeka. Tokuji aliweka ubao wa jicho jeusi, ukazidi nguzo kwa kiganja. Akaugeuza. Ukazidi upande wa pili. Akaweka ule mfupi, ukadondoka katikati ya nguzo mbili kama jino. Alipanda ngazi, akashuka, akapima kwa kamba, akakuna kisogo chini ya ile kofia mpya.

"Isamu," aliita, "babu yako alikuwa amelewa siku aliyokata mbao hizi?"

"Babu yangu alikuwa fundi. Angalia macho yako."

"Macho yangu ni mazima."

"Basi ni mikono."

Fusae hakucheka tena. Alishika ubao mmoja, ukafungwa, ukafunguliwa, akashika mwingine. Saa ya ukutani ilipiga saa tano, ikapiga saa sita, na upande wa kaskazini ulikuwa na mbao mbili tu, zote mbili zimekaa upande upande. Nilianza kuona kilele cha mlima kikipotea. Punje za kwanza zilianza kugonga kioo, zile ndogo ngumu zinazokuja na upepo. Kipaza sauti kikakohoa tena, lakini upepo ulibeba maneno.

Fusae akanyanyuka, akasimama wima, akanitazama kupitia dirishani. Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira, jinsi mtu anavyotazama sufuria ambayo haichemki. Kisha akaenda kwenye rundo la mbao na kuanza kuzipanga upya ardhini. Hakugeuza hata mmoja kutafuta maandishi. Alizigusa tu kwa kidole, huu hapa, huu kule, huu wa juu. Dakika tano hazikwisha. Zote kumi na moja zilikuwa zimelala kwa mpangilio wake.

Nilitamani sakafu inimeze.

Wakafunga. Ubao wa chini ulinifichia ua, wa pili ukanifichia magoti yao, na kila ubao uliopanda ulichukua kipande cha mchana. Niliona vifua, kisha mabega, kisha nyuso mbili karibu karibu. Ubao wa mwisho ulipowekwa nilibaki gizani na ule upenyo wa kiganja.

Tokuji alikataa chakula. Nilimsikia akisema ana haraka, na hatua zake zikaondoka zikikimbia. Fusae akaingia, akavua glavu, akazining'iniza karibu na jiko la mafuta. Nikaona niwahi kushambulia mimi.

"Umeniaibisha mbele ya mtu," nilisema.

"Miaka arobaini na moja nimezishika mbao zile kifuani, mmoja mmoja. Ulidhani sizijui?"

"Kama unazijua, mbona uliniuliza?"

"Nilikuuliza ili na wewe uwe na kazi."

Niliposhindwa, nikarudi kwenye lile lililonikereketa tangu jana. "Kuna vijana kule ushirika. Ungeita yeyote. Kwa nini yeye?"

"Ningeita kijana ungetoka nje kumfundisha. Dakika tano baadaye ungekuwa juu ya ngazi na mkono mmoja." Aliketi akamimina chai, yangu kwanza. "Kwa Tokuji nilijua utakaa ndani unune. Na umenuna vizuri sana, sina lawama. Ila kupoteza saa mbili za mtu sikukutarajia kwako."

"Saa mbili tu."

"Kwake hajafunga hata ubao mmoja, baba. Alisema aanze kwetu, sisi tuko wawili, yeye ni mtu mmoja. Unasikia huo upepo?"

Niliusikia. Ulikuwa umeanza kuimba kwenye upenyo.

Fusae alikunywa chai yake mikupuo mitatu, akasimama, akachukua zile glavu ambazo hata hazijakauka.

"Unakwenda wapi?"

"Kumshikia mbao."

Ningependa kusema dhamiri ilinisuta. Ilinisuta, ndiyo, lakini si hiyo iliyoniinua. Nilimwona mke wangu kule kwake, bega kwa bega, uani kwa mtu asiye na mke, na safari hii hakuna dirisha la mimi kukaa. Nilikuwa nimesimama kabla sijajua nimesimama.

"Kaa hapo. Nakwenda mimi."

"Na mkono huo?"

"Umesema unashika kwa kifua. Kifua ninacho."

Alinitazama tena ule mtazamo wa sufuria. Halafu akanifunga skafu, akanivisha glavu mkono mmoja, akanivuta kofia mpaka masikioni. "Ukigusa ngazi," alisema, "usirudi humu."

Hatua mia mbili na kumi zilikuwa nyingi siku ile. Theluji ilikuja imelala, ikinipiga ubavuni, na nyumba ya Tokuji niliiona nilipokaribia kuigonga. Alikuwa upande wa kaskazini, amefunga mbao tatu. Ubao wa nne ulikuwa umeshikiliwa ukutani na mti wenye panda uliochomekwa ardhini, na yeye anahangaika na kamba huku mti unateleza.

"Isamu?" Alipangusa macho. "Fusa yuko wapi?"

"Mama Noriko amechoka."

Aliutazama mkono wangu shingoni, akatazama mlango wa nyumba yake, akatazama theluji. Kisha akaung'oa ule mti wa panda akautupa kando. "Tangu Mitsuyo aondoke huyu ndiye amekuwa mke wangu," alisema. "Hajui kupika na anateleza. Njoo, shika."

Nikashika. Niliegemeza kifua na bega zima kwenye ubao, nikasukuma. Sikuwahi kufanya kazi hiyo maishani mwangu, na niliona ni ya kijinga, maana mshikaji hana la kufanya. Mikono imekamatika, miguu imekamatika, na mahali pekee pa kupeleka macho ni usoni mwa anayefunga, aliye pua kwa pua nawe. Tokuji alitoa ncha ya ulimi pembeni ya mdomo. Nyusi zilishika theluji. Midomo yake ilihesabu mizunguko ya kamba bila sauti, moja, mbili, tatu, na alipovuta fundo alikunja uso mzima kama anayeonja siki. Hakuinua macho hata mara moja. Hakujua kama nipo, au kama ni mimi, au ni ule mti.

Tulimaliza ubao wa tano, wa sita, wa saba. Mbele ya uso ule sikuwa na pa kukimbilia, nikaanza kufikiri. Nilifikiri kwamba mimi pia lazima nina uso wa kufungia kamba, na sijui unafananaje. Anayeujua ni mmoja. Miaka arobaini na moja, mbao thelathini na nne kila mwaka, yeye alikuwa ananitazama mimi, na mimi nilikuwa natazama fundo.

Halafu nikakumbuka kwamba asubuhi ile Fusae alikuwa amemshikia Tokuji, na wivu ukanirudi upya, ukiwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sasa nilijua Tokuji amepewa nini.

"Mbao za kaskazini," nilisema. "Nilikudanganya mpangilio."

"Najua." Alivuta fundo. "Nilijua kwenye ubao wa pili. Mimi nimefunga nyumba tangu nina miaka kumi na tano, Isamu."

"Na hukusema kitu?"

Alikata kamba kwa kisu, akapuliza vidole. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia tangu tuanze.

"Ningesema tungemaliza mapema, nami ningerudi huku." Akaashiria kwa kidevu ule mti wa panda, ambao theluji ilikuwa imeshaufunika nusu. "Nilikuwa nashikiwa mbao. Sikuwa na haraka. Ingawa mkeo hashikiki. Kila fundo ananiambia Baba Noriko huzungusha mara tatu, Baba Noriko humalizia kwa chini. Nikifunga moja vizuri anasema, hilo limekaribia la Baba Noriko. Jamani, nimekuja kukusaidia, nimeishia kusahihishwa kama mwanafunzi."

Nilistahili kumkasirikia, na kidogo nilimkasirikia. Lakini nilikuwa nimebanwa kwenye ubao wake, siwezi kwenda popote, na macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa upepo tu.

"Mizunguko mitatu," nilisema. "Unafanya miwili na nusu. Nimekutazama."

"Haya. Mitatu."

Tulifunga ubao wa mwisho saa kumi ikikaribia, wakati mlima, barabara na mlingoti wa kipaza sauti vyote vilikuwa vimekwisha kufutika. Nilimwambia asipike, aje kwetu, kuna supu ya figili. Alisema atakuja dhoruba ikitulia, leo anataka kukaa kwake asikilize paa. Sikumshikilia. Sikumshikilia kwa sababu nilikuwa na swali la kumuuliza mke wangu, na sikutaka liwe na msikilizaji.

Nilirudi nimeshika waya wa uzio kwa mkono mmoja. Fusae alinivua kofia, akanipangusa theluji begani, lile zima, kisha kwenye nyusi. Supu ilikuwa mezani. Upepo ulipiga upande wa kaskazini kwa bega lake lote, mbao zikalia, hazikusogea.

"Amemaliza?"

"Amemaliza. Anafunga vizuri. Mizunguko miwili na nusu."

"Nilimwambia."

Nilikula vijiko viwili. Kijiko cha tatu kilisimama njiani.

"Ukishika mbao," nilisema, "huwa unatazama nini?"

Hakushangaa. Alipuliza supu yake. "Kwani kuna kingine cha kutazama pale? Ulimi wako nje, unanung'unika kama anayegombana na mkwe. Mwaka aliozaliwa Noriko ulifunga koti lako pamoja na nguzo, nikakuacha hivyo mpaka umalize."

"Hukuniambia."

"Ungeacha kutoa ulimi."

Nilisubiri. Alijua ninachosubiri, na aliniacha nisubiri, ndivyo alivyo.

"Na leo?" nilisema. "Leo asubuhi ulitazama nini?"

Fusae aliweka bakuli chini. Aliangalia dirisha, ambalo sasa lilikuwa ukuta mweusi wa mbao kumi na moja, kila mmoja mahali pake.

"Leo nilikuwa nakutazama wewe hapo ulipokaa. Mpaka ule ubao wa juu ulipokufunika."

Upepo ukapiga tena. Nikamwambia asogee huku kwangu, upande ule kuna baridi, naye akasogea.